José Fonte: beki aliyewapandisha bei wenzake (uzi maalumu)

Kitasa_Mchangani #1

Wakuu, salaam.

Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mada: beki bora wa kati wa Ureno kwa miaka hii ishirini. Mmoja anasema Pepe, mwingine Ricardo Carvalho, dogo mmoja shabiki wa Manchester City akamtaja Rúben Dias na kutaka kikao kifungwe. Mimi nikamtaja José Fonte. Wakacheka. Mpaka muuza kahawa akacheka, na yule hata mpira haangalii.

Tuelewane mapema ili tusipotezeane muda. Sisemi Fonte alikuwa anajua mpira kuliko Pepe. Sijalewa. Ninachosema ni hiki: hebu mtazame nani kasimama pembeni yake, halafu muangalie yule mtu kaenda wapi baada ya hapo.

Dejan Lovren alikaa naye Southampton msimu mmoja, Liverpool wakamchukua kwa pauni milioni 20. Toby Alderweireld akaja kwa mkopo, msimu mmoja, Tottenham wakamnyakua. Virgil van Dijk alinunuliwa Celtic kwa pauni kama milioni 13, akasimama na Fonte, mwisho wa hadithi mnaujua: milioni 75. Jamaa akahamia Lille ya Ufaransa, pembeni yake akawa Gabriel Magalhães, Arsenal wakaja na mzigo. Gabriel alipoondoka akaletwa mtoto wa miaka 20 kutoka Ajax, Sven Botman, naye Newcastle wakamchukua.

Mabeki watano. Na yeye mwenyewe bei kubwa aliyowahi kuuzwa ni pauni milioni 8, tena akiwa na miaka 33.

Nashusha uzi kidogokidogo, niko kazini.

Bi_Dimba #2

Naweka mkeka hapa chini ya mwembe. Endelea mkuu.

Mkata_Ngebe #3

Hii chai haijawekwa hata sukari. Van Dijk angekuwa Van Dijk hata angesimama na mlingoti wa bendera. Ila endelea, tukusikie.

Kitasa_Mchangani #4

@Mkata_Ngebe nilijua utakuja. Kaa.

Kazaliwa Penafiel, kaskazini mwa Ureno, Desemba 22, 1983. Kakulia akademi ya Sporting, kulekule alikotoka Cristiano Ronaldo, tena wanapishana mwaka mmoja tu. Tofauti ni kwamba mwenzake akiwa na miaka 18 alikuwa anawasumbua Manchester United, huyu alikuwa timu B anasubiri simu.

Simu haikuja. Akaenda Felgueiras, daraja la pili. Akapanda Vitória Setúbal, huko akacheza vizuri nusu msimu na Benfica wakamsajili dirisha dogo la Januari 2006. Hapo ungedhani kijana katoboa. Wapi! Benfica hakucheza hata mechi moja ya mashindano. Mkopo Paços de Ferreira, mkopo Estrela da Amadora, halafu mkopo wa tatu nje ya nchi: Crystal Palace, 2007. Na Palace ya wakati huo siyo hii ya leo, ilikuwa daraja la pili Uingereza.

Waliowahi kutolewa kwa mkopo mara tatu mfululizo, hata kama ni ligi ya wilaya, wanajua ile hali. Unafika kambini, jezi wanakupa iliyobaki.

Palace wakampenda wakamnunua jumla. Halafu Januari 2010 akafanya kitu ambacho wachezaji wengi wangekataa: akashuka daraja. Akaenda Southampton, League One, daraja la tatu, kwa pauni kama milioni 1.2. Timu ilikuwa imetoka kufilisika mwaka uliotangulia, imekatwa pointi 10, tajiri mpya Markus Liebherr ndiyo kwanza kaichukua. Ukimwambia mtu siku ile kwamba kwenye kikosi hiki kuna beki atakayekuwa bingwa wa Ulaya na nchi yake, angekupeleka kwa mganga.

Madridista_Mbagala #5

Mkuu mimi ni wa Pepe mpaka kaburini, lakini hii ya kushuka mpaka daraja la tatu nilikuwa siijui. Nilidhani aliibukia Ligi Kuu moja kwa moja.

Kitasa_Mchangani #6

Wengi wanadhani hivyo. Aliifikia Ligi Kuu akiwa na miaka 28, tena kwa miguu yake mwenyewe. 2011 Southampton wakashika nafasi ya pili nyuma ya Brighton, wakapanda. 2012 nafasi ya pili tena, nyuma ya Reading, wakapanda tena. Ngazi mbili ndani ya misimu miwili, na huyu bwana yumo kikosini zote mbili.

Sasa nifike kwenye nyama, maana hapa ndipo sababu ya uzi.

Mimi nacheza namba tano mchangani, miaka kumi na moja sasa, magoti yanalia. Kitu ambacho mtu wa kwenye TV hakioni ni kwamba mabeki wawili wa kati hawafanyi kazi moja. Kuna anayetoka na kuna anayebaki. Anayetoka ndiye anamfuata straika mpaka katikati, anaingilia mpira, anapanda nao, uwanja mzima unapiga makofi. Anayebaki anarudi hatua tatu nyuma ya mgongo wa mwenzake, anamvuta beki wa pembeni aingie ndani, anaangalia winga wa upande wa pili, na muda wote mdomo haufungwi. "Kushoto kwako! Muache! Usitoke!" Kama mpira haukupita, hakuna anayejua kwamba alifanya kitu. Ukipita, ni yeye anaonekana kwenye picha akiwa amekaa chini.

Fonte alikuwa mtu wa kubaki. Hakuwa na mbio za kutisha. Alichokuwa nacho ni kichwa cha hewani na kujua mpira unaangukia wapi. Akiwepo yeye, Van Dijk alikuwa na ruhusa ya kupanda na mpira mpaka nusu ya adui kama kiungo. Alderweireld alikuwa na ruhusa ya kupiga zile pasi ndefu za mita hamsini bila kuangalia nyuma.

Mkata_Ngebe #7

Sawa, mwalimu wa mchangani. Ila ushahidi? Maneno ya "alikuwa anaongea sana" hata mke wangu anaongea sana na hajawahi kumpandisha mtu bei.

Bi_Dimba #8

@Mkata_Ngebe mke wako akiacha kuongea hiyo nyumba inashuka daraja, na unajua.

Kitasa_Mchangani #9

😂😂 Bi Dimba umemmaliza, mimi nimalizie tu kwa takwimu.

Kiangazi cha 2014 Southampton walibomolewa. Kocha Pochettino kaondoka kwenda Tottenham. Lallana, Lambert na Lovren wamekwenda Liverpool. Luke Shaw kaenda United, Calum Chambers kaenda Arsenal. Nahodha Lallana ndiyo huyo kaondoka, kitambaa akakabidhiwa Fonte. Magazeti yote yaliwapangia kushuka.

Msimu ule, 2014-15, chini ya kocha Koeman, wakamaliza wa saba. Mabao ya kufungwa: 33. Mabingwa Chelsea ya Mourinho, yenye Terry na Cahill, walifungwa 32. Bao moja tu tofauti, na hao wengine wametoka kuuza nusu ya timu. Msimu uliofuata wakamaliza wa sita.

Ndiyo, Alderweireld alikuwepo. Ndiyo, kiungo kilikuwa chuma. Lakini msimu uliotangulia alikuwepo Lovren, msimu uliofuata akawepo Van Dijk. Anayebaki kwenye kila picha ni mmoja.

Jogoo_wa_Kisumu #10

Hapo kwa kiungo chuma usipite haraka hivyo ndugu yangu, sisi Wakenya tuko hapa. Huyo chuma ni Victor Wanyama! 2013 mpaka 2016 alikuwa Southampton, mbele ya Fonte kabisa. Na msimu huo huo unaoutaja ndio alipiga lile goli la Hull, kipa ameondoa mpira vibaya, Wanyama akaupiga wa kwanza tu kutoka mbali, ukaingia nyavu tupu. Nilikuwa naangalia na baba mkwe, nikasahau heshima, nikamrukia mgongoni.

Kwa hivyo hesabu yako ongeza mtu: Wanyama pia aliuzwa Tottenham.

Kitasa_Mchangani #11

@Jogoo_wa_Kisumu radhi kabisa mzee. Nisamehe pia kwa niaba ya baba mkwe. Ila Wanyama simuhesabu kwa sababu yeye ndiye alikuwa anamsaidia Fonte, siyo kinyume. Mpira ukimpita Wanyama ulikuwa umeshachoka.

Tuje timu ya taifa.

Novemba 18, 2014, Old Trafford, mechi ya kirafiki Ureno na Argentina. Ronaldo na Messi wote uwanjani, dunia nzima inawaangalia hao wawili. Ndiyo siku Fonte alipovaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza. Bado mwezi mmoja na siku nne atimize miaka 31. Kuna watu umri huo wanaandaa mechi ya kuagwa.

Miezi kumi na tisa baadaye yuko Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, kule Ufaransa. Mechi zote tatu za makundi benchi. Ureno wakatoa sare tatu: Iceland 1-1, Austria 0-0, halafu ile ya Hungary 3-3 ambayo ukuta ulikuwa kama chandarua cha mwaka jana. Carvalho alikuwa na miaka 38 na Hungary walimwonesha umri wake. Namheshimu sana Carvalho, kwa akili ya kukaba sijaona mfano wake, lakini miguu ilikuwa imeisha.

Kwa Croatia kule Lens, kocha Fernando Santos akabadilisha. Fonte ndani, na kulia akamuweka Cédric, ambaye wanacheza wote Southampton. Nusu ya ukuta ikawa inajuana tayari. Kutoka hapo hesabuni wenyewe: Croatia dakika 120, Poland dakika 120 na penalti, Wales 90, Ufaransa 120. Jumla dakika 450. Bao walilofungwa ni moja, la Lewandowski, dakika ya pili ya mechi ya Poland. Baada ya pale hakuna mtu aliyewafunga tena kwenye mchezo mpaka kombe linanyanyuliwa. Na Wales hata Pepe hakuwepo, aliumia, Fonte akacheza na Bruno Alves. Bale hakupata kitu.

Madridista_Mbagala #12

Fainali lakini Pepe ndiye alikuwa mchezaji bora wa mechi. Weka rekodi sawa.

Kitasa_Mchangani #13

Iko sawa, alistahili, sibishi hata nukta. Pepe siku ile alitapika uwanjani baada ya kazi.

Lakini fainali ile mimi niliitazama kibanda umiza, watu wamebanana kama dagaa, feni moja. Dakika ya 25 Ronaldo anatolewa kwa machela analia, nusu ya kibanda ikataka kudai hela irudishwe. Ufaransa wanashambulia, Sissoko anakimbia kama kapewa zawadi. Mimi nilikuwa naangalia kitu kimoja tu, kile ambacho wenzangu wanakiona upuuzi: mstari wa nyuma. Giroud anajaribu kujificha kwenye bega la Fonte, Fonte anamgusa mgongoni kwa mkono, haangalii, anamgusa tu ajue yupo wapi. Kila krosi. Mkono kwanza, macho kwenye mpira, halafu anaruka.

Dakika ya 92 Gignac akamgeuza Pepe, Pepe chini, shuti likagonga mwamba. Pale kibandani mtu akapiga kelele "imeingia!" na wengine wakaanza kukumbatiana. Haikuingia. Dakika ya 109 Eder akafunga kutoka mbali, na waliobaki wakakaba mpaka firimbi. Beki wa League One bingwa wa Ulaya.

Mkata_Ngebe #14

Hiyo ya mkono mgongoni nitaitafuta. Kama haipo nakurudia.

Bi_Dimba #15

Swali mkuu. Kama alikuwa mzuri hivyo, kwa nini hao wakubwa walikuwa wanachukua wenzake na siyo yeye? Wakubwa hawana macho?

Kitasa_Mchangani #16

Bi Dimba, ndiyo swali lenyewe. Jibu langu ni umri. Skauti anamtazama beki wa miaka 23 anayepanda na mpira, anaona miaka kumi ya kazi na bei ya kuuza tena. Anamtazama wa miaka 31 anayebaki nyuma, anaona gharama. Fonte alichelewa kuonekana, akaonekana akiwa tayari mzee wa sokoni. Ile miaka ya mikopo Benfica ndiyo ilimla.

Na sitaki kumpamba kupita kiasi. Januari 2017 aliomba kuondoka Southampton, mambo ya mkataba, akaenda West Ham kwa hizo milioni 8, na mashabiki waliompenda miaka saba wakamzomea alivyorudi. Mechi yake ya kwanza West Ham, nyumbani na Manchester City: 4-0, na yeye mwenyewe akasababisha penalti. Baadaye akaumia. Februari 2018 akaenda China, Dalian Yifang, timu iliyofungua ligi kwa kupigwa 8-0. Hakumaliza hata mwaka. Kombe la Dunia Urusi akacheza mechi zote nne na Pepe, Cavani wa Uruguay akawatoa. Ana miaka 34. Kwa mwenye akili timamu, hapo stori imeisha.

Kitasa_Mchangani #17

(Naendelea, bosi katoka.)

Haikuisha. Kiangazi hicho hicho akasaini Lille. Aliyekuwa anapanga usajili pale ni Mreno mwenzake, Luis Campos, mzee wa kuokota vipaji vichanga, na kila kundi la watoto linahitaji baba mwenye nyumba. Msimu wa kwanza wakamaliza wa pili Ufaransa. Aprili 2019 wakaipiga PSG (Paris Saint-Germain) 5-1, na mabao mawili ya mwisho yamefungwa na nani? Gabriel na Fonte. Mabeki wote wawili wa kati kwenye mechi moja dhidi ya PSG.

Mwezi Juni akacheza fainali ya Ligi ya Mataifa kule Porto, Uholanzi ikalala 1-0. Pepe majeruhi, kwa hiyo pembeni yake alikuwa Rúben Dias. Mwaka mmoja baadaye Dias kauzwa City. Huyu simuweki kwenye orodha yangu, wanasimama naye mechi chache tu, hiyo itakuwa ngebe kweli na @Mkata_Ngebe atapata cha kunishikia.

Halafu 2020-21. Gabriel kauzwa, kaletwa Botman, mtoto wa mwaka 2000. Wanapishana miaka 16. Nyuma yao kipa Maignan, mbele Burak Yılmaz naye mzee wa miaka 35. Fonte nahodha, miaka 37. Lille wakafungwa mabao 23 msimu mzima, mechi 38. PSG ya Neymar na Mbappé nayo Lille wakaifunga 1-0 kulekule Paris. Siku ya mwisho wakaenda Angers, wakashinda 2-1, pointi 83, PSG 82. Ubingwa wa kwanza wa Lille tangu 2011. Agosti wakaongeza na kombe la ufunguzi, PSG tena, 1-0.

Katika kazi nzima ya huyu mtu, kama mtaniambia nichague picha moja, sichagui Euro. Nachagua msimu huu. Euro ilikuwa mechi nne. Hii ni miezi tisa, umri ambao wenzake wako studio wanachambua.

Jogoo_wa_Kisumu #18

Na akastaafu hapo?

Kitasa_Mchangani #19

Wapi! 2023 akarudi Ureno, Braga. Ligi ya Mabingwa kundi moja na Real Madrid na Napoli. Januari 2024 wakabeba Kombe la Ligi kwa penalti mbele ya Estoril, yeye kashatimiza 40. Halafu akahamia Casa Pia, timu ndogo ya Lisbon. Timu ya taifa mechi 50, na zote alizipata baada ya miaka 30. Mtu ambaye mpaka anafika huko hakuwa na hata moja.

Mkeka_Umechanika #20

Nimesoma uzi wote kimyakimya lakini kuna mechi mmeiruka na mimi haiwezi kunitoka. Machi 2022, Porto, Ureno na Uturuki, mchujo wa kwenda Qatar. Nilikuwa nimeweka Ureno kwenye mkeka wa timu saba, sita zimeshatiki. Ureno wanaongoza 2-1, bao la Uturuki kafunga Burak. Kwenye dakika ya 85, VAR (waamuzi wa video): Fonte kamchezea faulo Enes Ünal ndani ya boksi. Penalti!

Nikamtukana Fonte matusi ambayo siyaandiki hapa, admin atanifungia. Mzee wa miaka 38, anafanya nini uwanjani!

Anayekwenda kupiga: Burak Yılmaz. Nahodha wa Uturuki. Yule yule wa Lille, wanakula meza moja kila siku. Nikashika kichwa, nikageukia ukutani. Nikasikia mtaa mzima unacheka. Kumbe kaupaisha juu ya mwamba, mpira umeenda kwa mashabiki. Dakika za majeruhi Matheus Nunes akaongeza la tatu, mkeka ukasoma wote.

Burak baada ya siku ile alistaafu timu ya taifa.

Mkata_Ngebe #21

Subirini. Kwa hiyo uzi mzima tunaambiwa Fonte anawabeba wenzake, halafu siku anayoharibu yeye, mwenzake wa Lille ndiye anamuokoa?

Kitasa_Mchangani #22

😂😂😂 Mkata Ngebe, hiyo nakupa. Burak alikuwa analipa deni la ubingwa.

Mkeka_Umechanika #23

Deni alilipia na kodi yangu ya mwezi ule. Mungu amzidishie.